Odilia Chinchilla, Mama wa Neno

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Hapa ni redio yenu ya Agua Zarca, na mimi ni Nahúm Recinos, yuleyule wa kila Jumapili. Aliye na kahawa motoni aiepue kwanza, maana leo sitaki mtu aniache katikati akimbilie jikoni. Leo tunamkumbuka mtu ambaye karibu kila nyumba inayonisikia imepita mikononi mwake.

Tunamkumbuka Odilia Chinchilla. Mwalimu Odilia. Mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima, katika ukumbi wa parokia yetu. Amefariki Jumanne iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Hakuolewa. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hilo ndilo litakalotushughulisha leo: hakuolewa. Wengi wenu mnadhani mnajua kwa nini. Mlisema alikuwa na maringo. Mlisema vitabu vilimla kichwa. Subirini kidogo.

Odilia alizaliwa nyuma ya soko, binti wa mama aliyeuza baleada, zile chapati za maharage, pale mabasi yanaposimama. Alisomea ualimu mjini, akarudi. Wageni waliokuja kuchimba magofu yetu walimtaka awatafsirie, akakaa nao miaka. Waliondoka wakamwachia kamusi kubwa na viatu vya kupandia milima, vya saizi ya mwanamume. Alivivaa hivyo hivyo, amejaza magazeti mbele. Mpwa wake Nolvia, aliyeishi naye, aliniambia juzi: "Mama mkubwa alikuwa akiingia sokoni, watu wanasikia viatu kabla hawajamwona. Na yeye hajali. Anasema mradi vinafika."

Kisha zikaja hoteli. Mnakumbuka miaka ile. Watalii walijaa, na kila mwenye hoteli akawa anauliza: unajua Kiingereza? Dereva wa mototaksi aliulizwa. Mpishi aliulizwa. Hata yule wa kufua mashuka aliulizwa, sijui alitakiwa aongee na mashuka. Basi watu wakamwendea Odilia, na Odilia akaomba ukumbi wa parokia. Ukumbi mmoja, mwalimu mmoja, saa moja kila jioni. Na watu wa kila namna ndani yake.

Fikirieni lile darasa. Huku yupo Digna Portillo, amerudi kutoka New Orleans alikofanya kazi miaka mingi, anaongea Kiingereza kama bomba lililopasuka, ila hajui kukisoma wala kukiandika. Huku yupo Santos Erazo, mhudumu wa mkahawa, anajua majina ya vyakula tu. Kule yupo mlinzi wa magofu, mzee wa watu, anajua namna moja tu ya kusema "usiguse", na akishaisema amemaliza. Na nyuma kabisa wapo akina mama wanaouza wanasesere wa maganda ya mahindi, ambao hawajui hata salamu.

Mwalimu akifundisha wa juu, wa chini wanasinzia. Akishuka kwa wa chini, wa juu wanapiga miayo na kutazama mlango. Alijaribu kugawa ubao kwa mstari wa chaki. Nusu ya kushoto ya wanaojua, nusu ya kulia ya wasiojua. Ikawa kila mtu anasoma nusu isiyo yake. Alijaribu kuwaomba wanaojua wawasaidie wasiojua. Digna akamjibu mbele ya wote: "Mwalimu, mimi nimekuja kufundishwa, sikuja kulea."

Neno hilo "kulea" ndilo lililompa wazo.

Alijiuliza, hapa kwetu mtu hubeba mzigo wa mwenzake kwa sababu gani? Si kwa kuombwa, tunajuana. Hubeba kwa sababu ya ubatizo. Ukimshika mtoto wa mwenzako pale kwenye maji ya ubatizo, umekwisha. Wewe ni mama yake au baba yake. Ataumwa utaitwa. Ataachwa yatima atakuja kwako. Na wazazi wake wamekuwa ndugu zako. Hakuna anayeuliza kama unataka.

Basi jioni ya sikukuu ya Kandelaria, mishumaa ya misa ikiwa bado mezani, Odilia aliwaambia: "Leo tunabatizana kwa Kiingereza." Watu wakacheka. Kila anayejua ashike mkono wa asiyejua. Awashe mshumaa. Amnong'oneze neno moja, na mwenzake alirudie kwa sauti. Tangu hapo anayejua ni mama wa neno, au baba wa neno. Asiyejua ni mwana wa neno. Digna alimshika Santos Erazo, akamnong'oneza neno gani sijui, mpaka Santos akatoka masikio mekundu. Ukumbi mzima ulikuwa ukiangua kicheko.

Wakapangana wote, akabaki mmoja. Lisandro Alvarenga, mwenye farasi. Mnamjua, yule anayewapeleka watalii magofuni kwa farasi. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke wake amefariki, watoto hakujaliwa.

"Na mimi je?" akasema. "Nimebaki kama ndama wa kupotea."

"Ndama haulizi," Odilia akamjibu. "Njoo, wewe ni wangu."

Akamshika mkono. Akamnong'oneza neno. Na hapo hapo, wasikilizaji wapendwa, mlango ukafunguka akaingia Padri Casimiro, marehemu, na ndoo yake ya maji ya baraka. Mnakumbuka macho ya Padri Casimiro, yalivyokuwa hayaoni vizuri. Aliona mishumaa. Aliona watu wawili wawili wameshikana mikono. Akadhani ni ibada ya Kandelaria imeendelea. Akachovya tawi kwenye maji akawanyunyizia wote, safu kwa safu, akisali, mpaka wa nyuma kabisa. Kisha akawaambia "Mungu awalinde na ndugu zenu," akaenda zake.

Kicheko kilikatika. Watu wakatazamana, maji yanawatiririka mashavuni. Nolvia alikuwa msichana mdogo siku hiyo, amekaa dirishani. Anasema mama yake mkubwa alibaki amemshika Don Lisandro mkono, hajui auachie au asiuachie.

Tangu siku hiyo halikuwa tena jambo la mchezo. Hakuna aliyetangaza. Hakuna aliyeandika. Lakini nani angethubutu? Maji yalikuwa maji ya kweli na padri alikuwa padri wa kweli. Wana wa neno wakaanza kuwaamkia mama zao wa neno sokoni kwa kuinama. Mlinzi wa magofu alipovunjika mguu, baba yake wa neno, kijana mdogo wa mapokezi hotelini, alimbeba mgongoni kwenda zahanati. Kila mwaka siku ya Kandelaria wanafunzi wapya waliunganishwa hivyo hivyo. Na Kiingereza kikaingia, jamani! Maana mama gani atakubali mwanawe awe mjinga wa darasa?

Na sheria nyingine zikajiingiza zenyewe, zile za ubatizo. Mtu hagombani na mama yake wa neno. Mtu hamnyimi chakula. Na hili lilijulikana bila kusemwa: mtu hamwoi mama yake wa neno. Kama vile hamwoi mama yake wa ubatizo. Bibi zetu walishatuambia yanayowapata wanaofanya hivyo, na sitayarudia hapa, kuna watoto wanasikiliza.

Sasa nimwite Don Lisandro kwenye habari hii, nikijua kwamba ananisikia.

Don Lisandro alikaa benchi la mbele, benchi la mwalimu, kwa sababu mwana wa neno hukaa na mama yake. Alikuja na mahindi mabichi. Alikuja na machungwa. Vigae vya paa la mwalimu vilipohama kwa upepo, alipanda akavirudisha, akashuka akasema alikuwa anapita tu. Juu ya paa anapita tu! Odilia alimpa kahawa. Halafu ikawa kila jioni baada ya darasa anampa kahawa, mlango wazi, Nolvia yupo, majirani wanaona. Hakuna aliyewaza baya. Mwana anakunywa kahawa kwa mama yake, kuna nini hapo?

Ilikuwa karibu miaka minne baada ya ile Kandelaria. Jumatatu moja, mchana, Odilia alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu. Don Lisandro akaingia na shati jeupe, siku ya kazi. Nolvia alikuwa jikoni. Hakutoka, na alisikia kila kitu. Ameniruhusu niyaseme.

"Odilia."

"Mwalimu," alimsahihisha.

"Leo siyo mwalimu. Leo nimekuja kwa Odilia. Nataka tuoane."

Sufuria ilinyamaza.

"Lisandro, wewe ni mwanangu."

"Mwana gani huyo mwenye mvi kuliko mama yake?"

"Usinichekeshe. Watu watasema nini?"

"Wanasema nini sasa? Wanasema Lisandro ni mjinga, hajui Kiingereza mwaka wa nne. Mimi nazungumza Kiingereza na wageni tukiwa juu ya farasi kutwa nzima. Nawaambia habari za wafalme wa zamani, wanacheka, wanalia. Jioni nakuja kwako najifanya bubu. Unajua kwa nini?"

Odilia alijua. Katika lile darasa, mwana wa neno akishapanda kufikia wanaojua, naye hupewa mwana wake, na huhama benchi la mama yake. Don Lisandro hakutaka kuhama. Kwa miaka yote minne alikuwa amekataa kupanda.

Basi Odilia alicheka mpaka akakaa chini, na mikono yake imejaa majivu. Alipomaliza kucheka, anasema Nolvia, alikuwa analia. Akasema: "Nipe mpaka Jumapili. Baada ya misa nitasimama niwaambie watu kwamba ulikuwa mchezo wa darasa. Mimi ndiye niliyeubuni, mimi ndiye nitakayeubomoa. Padri Casimiro hakuona vizuri, basi." Siku ya pili yake alikwenda kwa padri mpya. Padri mpya alimwambia Kanisa halina kizuizi chochote, maji yale hayakuwa ubatizo. Aolewe kwa amani.

Kwa hiyo alibaki na Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Nolvia anasema alikuwa akiimba.

Ijumaa akaitwa kwa hakimu.

Nirudi nyuma kidogo, wasikilizaji wapendwa, asipotee mtu. Santos Erazo, yule mhudumu, mwana wa neno wa Digna, alikuwa na binti mdogo, Yarely. Mama wa mtoto alikwenda kaskazini na habari zake zikakatika. Masika ya mwaka ule Santos alikufa, gari lilipopinduka kwenye matope njiani. Yarely alikuwa na miaka mitatu. Nani alimchukua? Digna. Yule yule aliyesema hakuja kulea. Alimchukua usiku wa msiba, akamwogesha, akamlaza kitandani kwake. Hakuna aliyemuuliza kwa haki gani. Alikuwa mama wa neno wa baba yake. Yatima huenda kwa nani?

Lakini Santos alikuwa na kaka yake, Fausto Erazo, huko mashambani juu. Nyumba ya wanaume watupu na bibi mmoja mzee jikoni. Wakati Santos yuko hai, Fausto hakuwahi kushuka kumwona mtoto. Sasa alishuka na farasi wawili, mmoja wa kupanda yeye na mmoja wa kumrudishia mtoto. Akasema mbele ya hakimu: "Damu yangu nakwenda nayo. Nyumbani kunahitajika mkono wa jikoni." Alisema hivyo, miaka mitatu, mkono wa jikoni. Mnisamehe, lakini hata leo nikilisema nataka kutema mate.

Ofisi ya hakimu ilijaa. Digna amemshika mtoto kiunoni. Hakimu, mtu wa hapa hapa, akasema: "Digna ni mama wa neno wa marehemu. Kwetu mama wa ubatizo ana haki. Watu wote wanajua."

Fausto akacheka. "Ubatizo gani? Ule upuuzi wa darasani? Mnanitania! Mnampa mtu mtoto kwa sababu ya mchezo wa mishumaa?"

Watu wakanung'unika. Hakimu akainua mkono. "Yupo aliyeuanzisha. Tumuulize yeye." Akageuka. "Mwalimu Odilia. Ulikuwa mchezo?"

Sasa tusimame hapo. Jumapili iko siku mbili mbele. Jibu la Jumapili analo tayari mdomoni, amelifanyia mazoezi wiki nzima. Ni neno moja tu, ndiyo. Na Don Lisandro amesimama mlangoni, kofia mkononi, anamtazama. Akisema ndiyo, ataolewa, na Yarely atapandishwa farasi. Akisema siyo, mtoto atabaki, na yeye Odilia amejifunga mlango mwenyewe kwa ndani, mbele ya mji mzima. Hawezi kusema siyo Ijumaa na kusema ndiyo Jumapili. Fausto angerudi Jumatatu.

Digna aliniambia: "Nilimwona anamtazama mtoto. Kisha akamtazama Don Lisandro. Alikawia mno. Nikasema moyoni, mbona anakawia, jambo rahisi hivi? Mungu anisamehe, sikujua."

Odilia akasema: "Haukuwa mchezo."

"Sema kwa sauti, mwalimu."

"Haukuwa mchezo. Ni udugu wa kweli. Hauvunjiki."

Fausto akatoka anatukana, akaondoka na farasi wake wawili. Watu wakapiga makofi. Digna akalia. Na Odilia alipotazama mlangoni, Don Lisandro alikuwa amevaa kofia yake na ameondoka.

Jioni ile darasa lilikuwepo kama kawaida. Benchi la mbele lilikuwa tupu. Odilia alifundisha majina ya miezi, akauruka mmoja, na hakuna aliyemsahihisha. Wiki iliyofuata yote benchi lilikuwa tupu. Jumatatu ya wiki ya pili Don Lisandro akaingia, akakaa mahali pake, akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Odilia akamuuliza jina lake kwa Kiingereza, kama anavyoulizwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Akajibu vibaya. Ukumbi ukacheka.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, wasikilizaji wapendwa, mwaka baada ya mwaka. Wanafunzi walipanda, wakapata kazi, wakaoana, wakaleta watoto wao wakubwa darasani. Don Lisandro hakupanda. Alikuwa mwanafunzi wa chini kabisa wa Mwalimu Odilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Na sisi tulimfanya kichekesho cha mji.

"Don Lisandro," Digna alikuwa akimtania, "farasi wako wameshajua Kiingereza, wewe bado?"

"Farasi wangu hawana mwalimu mzuri kama wangu," alijibu. "Ndiyo maana wana haraka ya kumaliza."

Tulicheka. Mwalimu alicheka pia, akigeukia ubaoni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini anageuka. Kahawa ile ya jioni ilikoma. Odilia aliogopa. Alisema mtu mmoja akishuku tu, akifikiri mama na mwana wana jambo, kila kitu kitafukuliwa, na Fausto yupo hai na farasi wake wapo hai. Hata machungwa yakawa yanapitia kwa Nolvia. Walibaki na saa moja kila jioni, katikati ya watu, benchi la mbele, wakiulizana jina lako nani na unatoka wapi.

Yarely akakua. Mnamwona, sasa ni muuguzi pale zahanati. Alipotimiza umri wa mtu mzima, Fausto hakuwa na la kudai tena. Don Lisandro akavaa tena shati jeupe, akaja uani. Na Nolvia alikuwepo tena, sasa mwanamke mzima, anakoroga maharage.

"Mtoto amekua," Don Lisandro akasema. "Hakuna wa kumchukua. Sasa sema ulikuwa mchezo."

Odilia akasema: "Nikisema hivyo, Yarely atasikia. Atasema, kumbe nililelewa kwa mchezo. Kumbe Digna hakuwa na haki na mimi. Kumbe mimi si wa mtu. Nitamwambiaje hilo mtoto wa watu, Lisandro? Eti kwa sababu bibi wa miaka karibu sitini anataka kuolewa?"

"Na mimi je?"

"Na wewe nisamehe."

"Kukusamehe nilishakusamehe siku ile ile mlangoni. Sikuulizi hilo. Nakuuliza mimi nitafanya nini na maisha yangu."

Nolvia anasema maharage yaliungua akashindwa kuyaepua. Alitaka kuwageukia wote wawili, awapigie kelele, awaambie kamuulizeni basi huyo Yarely mwenyewe! Lakini aliona si mahali pake. Jioni Don Lisandro alikuwa benchi la mbele. Miaka mingine mitano ikapita. Jumanne iliyopita, asubuhi, moyo wa Odilia ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Jumatano alilazwa sebuleni kwake, jeneza wazi, mkate na kahawa vinapitishwa. Wana wa neno walipanga mstari kutoka miguuni mwa jeneza mpaka nje barabarani. Hiyo ndiyo desturi, wana hupiga magoti miguuni. Kichwani, upande wa kulia, hukaa mume au mke wa marehemu. Hapo hapakuwa na mtu, na kiti kilikuwa kimeegeshwa ukutani.

Don Lisandro akafika. Mama Tomasa, anayetuongozea rozari, akamshika mkono. "Njoo, Don Lisandro, wewe ni mwana wake wa kwanza. Piga magoti huku mbele ya wenzako."

Don Lisandro hakupiga magoti.

"Ni miguu, baba? Mleteeni mto."

"Siyo miguu," akasema. "Siwezi kumlilia kama mama. Nimechoka. Huyu hakuwa mama yangu."

"Mungu apishe mbali!" Mama Tomasa akajifanyia ishara ya msalaba. "Mbele ya maiti! Maji ya Padri Casimiro hayajakauka!"

Minong'ono ikaanza. Mzee amechanganyikiwa. Mwondoeni. Mtu mmoja akamshika bega amtoe. Nilikuwepo, nikaona anavyotolewa, nikasogea kuwapisha. Ndipo Nolvia akasimama kati yao na mlango. Akasema yote. Shati jeupe, sufuria, Jumapili ile, Ijumaa ile kwa hakimu. Na mara ya pili, pale maharage yalipoungua. Alisema kwa maneno machache, na Yarely alikuwa amesimama na sahani ya mkate mkononi, anasikia.

Digna akakaa sakafuni.

"Kwa ajili yangu?" Yarely akauliza.

Nolvia akaitikia kwa kichwa.

"Mpaka juzi? Mimi ni mtu mzima, nachoma watu sindano, mpaka juzi ilikuwa kwa ajili yangu?" Akaiweka sahani. "Mbona hawakuniuliza? Mimi sikulelewa na mchezo wala na maji. Nililelewa na Digna. Aliniamsha, alinichapa, alinisuka nywele. Wangeniambia ulikuwa mchezo ningecheka tu! Ningewashonea nguo ya harusi mimi mwenyewe!" Akamgeukia Digna pale sakafuni. "Mama, si ningecheka?"

"Ungecheka, mwanangu," Digna akasema. "Ungecheka."

Yarely akaenda ukutani. Akakichukua kile kiti. Akapita mbele ya Mama Tomasa, mbele yetu sote, akakiweka kichwani mwa jeneza, upande wa kulia.

"Kaa, Don Lisandro."

Akakaa. Hakuna aliyemwondoa. Alimshika Odilia mkono, mbele ya mji mzima, akaanza kuongea naye kwa Kiingereza. Kiingereza kizuri, wasikilizaji wapendwa, kirefu, kilichonyooka, bila kukwama. Sisi wanafunzi wote wa Odilia tulikisikia. Tulikielewa chote, maana Odilia ndiye aliyetufundisha, na kwa sababu hiyo sitakitafsiri hapa.

Wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Nina ombi moja tu. Leo, kabla hujazima redio, mfikirie mtu ambaye kwa ajili yake unajinyima jambo. Mtoto, mzazi, ndugu. Kisha nenda kamuulize. Pengine hataki ujinyime. Pengine alishakuwa mtu mzima zamani, nawe hukuona.

Imebaki kutoa pole. Jana walikuja hapa redioni watu wa heshima. Wakaniomba, Nahúm, usilete aibu, mtaje kama mwanafunzi, inatosha. Nimewasikia. Nawaheshimu. Sasa nasoma.

Redio ya Agua Zarca inatoa pole kwa Nolvia Chinchilla, mpwa wa marehemu. Inatoa pole kwa Digna Portillo na binti yake Yarely. Inatoa pole kwa wana wote wa neno, popote walipo, na kwa lugha yoyote wanayolilia.

Na kwanza kabisa, ingawa nimemweka mwisho ili asikike vizuri, inatoa pole kwa Don Lisandro Alvarenga, mgane wa Mwalimu Odilia.